Redio ya Kiti cha Nyuma

Dereva wa nyumba hagusi redio bila ruhusa. Sheria hiyo niliambiwa siku ya kwanza Riyadh, nikaishika.

Mwenye amri ya redio garini mwangu alikuwa mama yake bosi, bibi kizee wa Jeddah aliyeletwa kwa mwanawe baada ya kufiwa na mume. Kila alasiri alitoka na chupa yake ya chai, akaketi nyuma, tukabaki pale pale uani AC ikivuma, tukitafuta stesheni. Na mdomo alikuwa nao! Watangazaji wa Misri, alisema, hata bei ya nyanya waisoma wakigombana. Walebanoni wanadeka mno. Msudani alimpenda, ila mpaka amalize neno chai ishapoa. Wa Riyadh ati walikuwa wakimfokea. Wa kwao Jeddah ndio waliojua kuzungumza, kama watu walioketi barazani.

Nilimtafutia stesheni yao kwenye simu, akaisukuma. Hakutaka ya simu. Aliitaka ile inayonaswa na gari ukishamaliza kushuka milima ya Taif, ndipo ujue umefika.

Haja yake ilikuwa hiyo tu: alale kwake Jeddah, japo usiku mmoja. Bosi akamwambia inshallah, baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, ikawa baada ya Haji. Mimi roho ikinichemka, lakini ningesema nini? Mkono usioweza kuukata, ubusu.

Haji nayo ikapita. Bibi akafariki alfajiri, akazikwa Riyadh baada ya adhuhuri, maana maiti hacheleweshwi. Bosi alilia sana, na wallahi sikumhurumia. Kisha akaniagiza nipeleke vitu vya mamake kule Jeddah, kwenye nyumba yake.

Masanduku niliyapanga kiti cha nyuma, na chupa ya chai juu yake. Njia nzima sikuwasha redio, wa kunipa ruhusa hakuwapo. Nilipomaliza kushuka Taif nikashindwa, nikaiwasha. Mtangazaji wa Jeddah alikuwa akimtania msikilizaji mmoja juu ya samaki, polepole, hana haraka na mtu.

"Mama, niongeze sauti?" nikauliza, nikatazama kioo.

Nilingoja jibu, jamani, nilingoja kweli. Kisha nikaegesha kando ya barabara, nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikalia.