Vidonge Vilivyobadilika Rangi

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa bohari ya dawa alinipokea kwa kugeuza mifuko ya suruali yake nje. Bohari ilikuwa karibu na bandari ya Mocímboa da Praia, na ndani yake mlinuka vitamini na papa mkavu kwa pamoja. Mzee yule, mtu wa uwandani kule bara, alisimama mbele ya mlinzi akaonyesha mifuko mitupu, kisha akanitazama.

"Senhora Atija," akasema, "humu ndani kila mtu ni mwizi mpaka atoke. Mimi pia. Ukichukia kupekuliwa, kazi hii si yako."

Sikuchukia. Mama alikuwa akisema kwamba tangu uchangani nilimkagua kila aliyenibeba kabla ya kukubali kunyamaza. Nilijiona nimefika nyumbani.

Mkuu huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Boksi linalokaribia tarehe ya kuharibika hutoka kwanza, hata kama ndilo lililoletwa mwisho. Dawa huitwa kwa jina lake halisi, si kwa jina la kiwanda, kwa kuwa serikali hununua kwa anayeuza nafuu kati ya waliofaulu vipimo, na mwaka huu atakuwa huyu, mwakani yule. Dawa za hatua ya kwanza ni zile za bei ndogo zinazowatosha wagonjwa wengi. Za hatua ya pili ni ghali, na mgonjwa hapandishwi huko mpaka ithibitike kwamba za kwanza zimeshindwa. Ninyi vijana mkisikia hivyo mnadhani ni ubahili. Mimi nimeona watu wakirudishwa nyumbani mikono mitupu kwa sababu mwingine alipewa dawa ya bei kubwa asiyoihitaji, kwa hiyo ubahili huo naupenda.

Kutoka bohari nikapelekwa kituo cha afya cha Diaca, ambako kila mgonjwa alitaka sindano na kunishuku kwamba nazificha. Kisha nikahamishiwa kituo cha kijiji kimoja cha pwani, kaskazini ya mji. Jina silitaji, wenyewe wapo na watanijia juu. Nilikuwa nimeshaanza kuugua shinikizo la damu, au tensão kama tunavyosema kwetu, na kila asubuhi nilimeza kidonge kilekile nilichowagawia wenzangu. Ni kidonge cha hatua ya kwanza, chenye jina refu ambalo hakuna aliyelitamka. Kijijini waliita cha kukojoza, maana ndiyo kazi yake.

Huo ndio wakati gesi ilipoonekana baharini. Meli za kigeni zikasimama mbali, usiku zikiwaka taa. Wageni wenye fulana za kung'aa wakaja kupaka alama za rangi nyekundu kwenye minazi, bila kueleza sana. Wengine walisema tutapewa kazi, wengine walisema tutahamishwa. Kila mtu akawa anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, na sokoni akatokea mchuuzi anayeuza vidonge rejareja kwa watu waliofuata kazi kwenye kambi ya hao wageni wa gesi. Nilivitambua. Vilikuwa vya serikali.

Msimamizi wa dawa wa wilaya, mwanamke mkali kutoka kusini, alikuja akiwa amefura.

"Dawa isiyomezwa na mwenyewe ni fedha ya umma tumeitupa," akasema. "Kuanzia leo, asiye na maganda hapewi nyingine."

Maganda ni karatasi za bati zinazobaki vidonge vikishatolewa. Nikaanza kuyadai na kuyachunguza, na nikagundua kuwa ganda huonyesha maisha ya mwenyewe. Mtu anayemeza kidonge kila siku huleta ganda lililokunjamana, lenye masizi ya jiko au harufu ya leso. Ya Bi Muanaisha hayakuwa hivyo. Bi Muanaisha alikuwa mjane aliyeishi kwa minazi yake na kusuka mikeka. Kila mwezi aliniletea maganda yaliyonyooka, yanayong'aa, matundu yote yametobolewa kwa mkao mmoja. Na kila mwezi tabibu akimpima, shinikizo lake liko juu vilevile.

"Hatua ya kwanza imeshindwa," tabibu akaniambia. "Nampandisha. Dada yake alipooza upande mmoja akafa, na huyu ameanza kulalamika macho. Sitaki kungoja."

"Ningoje mimi, doutor. Siku mbili tatu tu."

Nilikuwa na hakika kwamba anamuuzia mchuuzi. Ikiwa ni hivyo, dawa ghali nayo ingeishia sokoni, na yeye angeanguka uani kwake kama dada yake. Roho iliniuma, maana nilimpenda kwa ulimi wake mkali. Lakini kesho yake alfajiri nilikwenda kwake nikiwa nimejiandaa kumfumania.

Alikuwa anasuka. Hakuinuka.

"Bi Muanaisha, shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kunipekua?"

"Nimekuja kuuliza. Vidonge vyako unamuuzia nani?"

Alinikata jicho, akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Akalimwaga juu ya mkeka. Vidonge vya waridi, miezi na miezi yake, vimeshaanza kulainika kwa unyevu.

"Sikuuza hata kimoja," akasema. "Na sikumeza."

"Mbona basi waniletea maganda?"

"Si mwayataka maganda? Mkinifutia jina, nikiugua kingine mtanitazama?"

"Na kwa nini humezi?"

"Vyangu vilikuwa vyeupe. Walipokuja wale kupaka minazi yangu rangi, mwezi uleule mkaniletea vya waridi. Wanaitaka ardhi yangu, na mimi bado ni mzima. Ungekuwa wewe, ungemeza?"

Nikamweleza: ni dawa ileile, kiwanda kimebadilika, serikali hununua kwa anayeuza nafuu.

"Nafuu!" akapiga kofi. "Hilo ndilo neno. Sisi wa nafuu. Na wale wa kambini hupewa vidonge gani?"

Kusema kweli hata mimi nilikuwa nikitaka kujua.

"Wewe nawe una tensão," akaendelea. "Nilimwona tabibu akikufunga ule mpira mkononi. Wameza vya rangi gani?"

Nikatoa vyangu kwenye mkoba. Vya waridi. Cha asubuhi ile nilikuwa bado. Alikitoa mwenyewe, akakinusa, akaniwekea kiganjani.

"Meza."

Nikameza.

"Fungua kinywa. Inua ulimi."

Nikainua, mtu mzima na sare yangu ya kazi. Akachungulia pande zote mbili.

"Bado sikuamini," akasema. "Huenda vyenu mmetengenezewa kando."

Hapo ndipo tulipofikia mapatano yetu. Kila asubuhi angekuja dirishani kwangu pale kituoni. Ningefungua karatasi moja mbele yake, nitoe vidonge viwili, naye achague kipi changu na kipi chake. Vile vya kopo nilivipeleka vikachomwe, akafuata nyuma kuhakikisha. Alikuja kweli, na chupa yake ya maji kutoka kisimani kwake, kwani ya kituo nayo hakuiamini. Shinikizo likashuka. Macho yakatulia. Tabibu hakuhitaji kumpandisha.

Msimamizi wa wilaya alitukuta siku moja vinywa wazi.

"Mama Atija, hii ni farmasia au mkahawa?"

Nikamweleza. Akatazama kipimo cha mwisho cha Bi Muanaisha.

"Endeleeni," akasema. "Lakini nitakuja tena bila kutangaza."

Mchuuzi wa sokoni hakukamatwa. Nani aliyekuwa akimpa mzigo, nina mtu ninayemdhania hadi leo.

Nilipostaafu nilipewa khanga na hotuba. Bi Muanaisha hakusikiliza hotuba. Aliuliza tu nani atameza naye kesho. Kijana aliyechukua nafasi yangu ni mzima wa afya, hawezi kumeza dawa asiyoihitaji. Basi Bi Muanaisha akahamia barazani kwangu, na kila asubuhi tukawa tunamezea hapo, tukiwasengenya wakubwa.

Juzi nilikwenda kituoni kuchukua dawa kama mgonjwa yeyote. Kijana akanipa vya njano.

"Ni ileile, mama," akasema. "Kiwanda kimebadilika."

Nilivileta nyumbani, nikaviweka kitini. Maneno yake niliyajua yote, niliyasema mimi miaka yote. Lakini sasa nilikuwa upande wa pili wa dirisha, na kule dirishani simjui vizuri aliyepo. Siku ile sikuvigusa. Kesho yake Bi Muanaisha akaja na chupa yake, akakuta karatasi haijafunguliwa.

"Leo ni wewe unayeogopa," akasema.

Akatoboa karatasi, akatoa viwili, akasukuma kimoja upande wangu. Kisha, bila kunisubiri, akatia chake kinywani, akanywa maji, akanisogelea na kufungua kinywa.

"Haya, tazama."

Nikatazama.

"Inua ulimi," nikamwambia.