Sekunde Tisa za Kukunja Kitambaa

Siku yangu ya kwanza kazini nilimuua mtu kabla ya wakati wake. Msishtuke, vijana wangu. Alifia kwenye filamu. Hapa Stockholm nilikuja kusomea lugha, nikaajiriwa kuandika tafsiri za Kiswidi zinazopita chini ya picha za Kimarekani, zile za giza, zenye ulevi, mauaji na ndoa zinazooza polepole.

Tulifanya kazi katika chumba chenye mapazia mazito, nyuso kubwa zikielea mbele yetu mchana kutwa, hata nikitoka nje naona watu kama nawaota. Kila andiko lilipangiwa sekunde ya kuingia na ya kutoka. Huko ndiko kuweka muda. Siku hiyo mwigizaji mmoja alikuwa anampasha dada yake habari za msiba. Alivua koti, akaketi, akaanza kukunja kitambaa cha meza. Mimi na haraka zangu nikaingiza "Baba amefariki" angali anakunja.

Mhariri mkuu, mama mrefu asiyecheka, alisimamisha picha.

"Huyu amesifiwa kila mahali kwa sekunde hizi tisa," alisema. "Wewe umezila. Uko kwenye majaribio. Nionyeshe tena Ijumaa."

Nilipanda treni hadi Hagsätra, mtaa niliokaa, nimenywea, nikijua kazi inaniponyoka. Njiani nikamkumbuka shangazi, siku alipotuletea habari za babu kule Tanga, mimi na dada yangu Mwanaidi tukiwa wadogo. Alipiga hodi, akajibu kwamba wote hawajambo, akakaa, akafunga upya leso yake, ndipo akasema, "Ila..." Aibu ilinishika. Mtu niliyelelewa hivyo, nimewatupia Waswidi kifo mlangoni!

Ijumaa andiko langu lilisubiri hadi kitambaa kikaisha kukunjwa. Mhariri alirudisha picha nyuma, akaitazama tena.

"Jumatatu saa mbili," akasema.

Nikakaa miaka na miaka. Baadaye nilihamishiwa tamthilia za mfululizo, chini ya mkuu wa ratiba aliyependa mbio. "Watazamaji wanangoja!" alizoea kufoka. "Waache wangoje," nilimjibu, naye akanichukia kwa adabu ya Kiswidi. Mwanaidi naye alingoja kule Tanga. Kila alipopiga simu nilimwambia nikistaafu nakuja, tukae barazani mpaka tuchokane.

Nimestaafu majira haya ya kuchipua. Tiketi nimekata, sanduku liko mlangoni. Jumamosi asubuhi alikuja binti yangu Rehema, ambaye tangu utotoni namsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kwako?"

"Nzuri, baba," alijibu, kwa Kiswahili.

Alivua koti, akaketi. Hakulitazama sanduku. Akachukua kitambaa cha jikoni, akaanza kukikunja, pembe kwa pembe, taratibu.

Nilielewa. Nilimwacha akunje, nami nikaomba asimalize, maana muda wote ule Mwanaidi alikuwa bado yu hai, ananingoja barazani.