Mwashi wa Kijito cha Bibi

Mwezi uliopita lori langu lilichemka kwenye mlima wa kupandia Lutindi. Nataka ujue, rafiki yangu, kwamba malori yangu hayachemki ovyo. Ni dereva huyu niliye naye, anaendesha kama amekalia miiba. Kwa kawaida mimi sishuki kwenye kiti cha mbele, watu wa kushuka wapo, nawalipa. Siku hiyo sijui nini kilinivuta. Nikashika dumu mwenyewe nikateremka kijitoni. Nilipoinama kuchota, mkono ukagusa jiwe, jiwe likapinduka. Chini yake walikuwepo: vijibomba vya mchanga, vyembamba kuliko punje ya mpunga, na kila kijibomba kinatembea.

Utingo wangu alikuwa amenifuata. "Mzee, mwaga hayo maji, yana takataka. Yataziba rejeta."

"Takataka ni wewe," nikamwambia. "Hawa ni mafundi. Walinitangulia kujenga."

Na maneno hayo hayakusemwa na mtu mdogo. Nenda Korogwe mjini, fika Masuguru, uliza nyumba ya ghorofa yenye geti la bluu ni ya nani. Uliza ni nani aliyeanza kwa kusukuma toroli ya mchanga, shule akaiaga darasa la nne, na leo mainjinia wanampigia simu wakimwita mheshimiwa. Watakuonyesha kwangu. Lakini yule mhandisi wa kwanza niliyemjua maishani alikuwa na urefu wa kucha ya mtoto, na makazi yake yalikuwa kijitoni kwa bibi yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Mazingara, kule Handeni. Maji ya kwetu yalikuwa ya lambo, tunagawana na ng'ombe wa wafugaji. Mama aliyachuja kwa kanga na bado ulikuwa unayatafuna. Mwaka mmoja mvua ikagoma kabisa, nikapelekwa kwa bibi mzaa mama, chini ya mlima wa Lutindi. Sikuwa nimewahi kuona maji yanayokimbia bila kusukumwa na mtu. Siku ya kwanza niliuliza yanafungwa saa ngapi. Bibi alicheka mpaka mlenda ukaungua.

Hapo kwa bibi palikuwa na kaya chache tu zimejitawanya kando ya kijito, kila nyumba imekaa ilivyotaka, nyingine imegeuzia mto mgongo, nyingine imeutazama. Alfajiri unasikia maji, kisha jogoo, kisha kinu cha bibi. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji kabla ya kwenda chuo kusoma Kurani, na kufukuza ngedere kwenye mahindi. Jioni ni bada la muhogo na kisamvu, tumekaa barazani moshi unatutoa machozi. Sijawahi kula tena bada kama lile, na siku hizi ninakula ninachotaka.

Wale wadudu sisi watoto tuliwaita waashi. Ni kama kifunza, ana miguu karibu na kichwa na kiwiliwili laini, basi anaokota punje za mchanga moja moja, anazigandisha kwa utelezi wa mdomoni mwake kama uzi, mpaka anapata nyumba ya kujivika. Akienda, anaenda nayo. Mimi ndiye niliyebuni kuwavua nyumba zao za mchanga na kuwaweka kwenye bakuli lenye shanga za bibi zilizokatika. Kesho yake mmoja alikuwa na nyumba ya shanga nyekundu. Bibi alinichapa kwa sababu ya shanga, halafu akamwita jirani aje kuona.

Basi mwaka huohuo ndiyo ikaja habari ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Baada ya mavuno, watu wote washuke barabarani, nyumba zipangwe kwa mistari, shule ipatikane, zahanati ipatikane. Mwenyekiti aliyekuja kutangaza alikuwa mtoto wa kaka yake bibi.

"Shangazi, huko kuna maendeleo," alisema.

"Kuna mto?"

"Litaletwa bomba."

"Mimi nimekuuliza mto, mwanangu. Wewe mwenyewe nimekuogesha kwenye mto huu ukiwa unajinyea. Hilo bomba liko wapi nilione?"

Bibi hakuwa mtu wa kupinga serikali, maana picha ya kiongozi wa nchi aliibandika ukutani na kuipangusa kila Ijumaa. Ila kijito hakutaka kukiacha. Alipunguza kula. Akawa anakaa ukingoni ametumbukiza miguu majini, na mimi mtoto nilijua kwamba bibi yangu akiondolewa pale ataondolewa na roho yake.

Ndipo akaja mtaalamu wa wadudu. Kijana mwembamba wa chuo kikuu, miwani mizito, wavu mkononi kama wa kuvulia dagaa, na sanduku la vichupa vya spiriti. Alipewa kulala kwa bibi. Siku ya kwanza tu ikavuma kwamba anatafuta dhahabu. Siku ya pili jirani yetu mmoja, mtu mwenye pua ya ajabu kwa vitu vya chupa, alikuja kusalimia mara nne na kila mara anakaa karibu na sanduku.

"Kijana, hivi vidudu unavilewesha kwa nini? Vina shida gani?"

"Ni ili visioze, mzee."

"Na mimi sitaki kuoza," jirani akasema.

Mtaalamu alipowaona waashi wangu alipiga magoti majini na suruali yake. Aliwaweka chini ya hadubini mezani kwa bibi, akatazama mpaka chai ikapoa. Kisha akasema hawa anadhani hawajaandikwa bado. Duniani kote hakuna anayewajua.

"Duniani hawajulikani?" bibi akauliza. "Na sisi tuko wapi?"

Lakini lile neno lilimwingia. Usiku kucha alijigeuza kitandani, asubuhi akamkalisha yule kijana. "Mwanangu, kama mdudu huyu yuko hapa kwangu tu, si ni mali ya serikali? Na mali ya serikali si inataka walinzi? Sasa walinzi wakihamishwa itakuwaje?"

Kijana akakuna kichwa. Alikuwa mkweli, na alimpenda bibi. Akasema yeye atapita wilayani na atawaambia kwa nguvu zake zote kwamba kijito hiki si cha kuchezea. "Ila lazima kwanza nithibitishe ni mpya. Na siwezi kuthibitisha bila kupata dume lenye mbawa."

Kumbe mwashi akikua anatoka majini, anakuwa kama vile vidudu vya kuzunguka taa, mbawa zina manyoya na anazikunja mgongoni kama paa la nyumba. "Na kwa nini dume?" bibi akauliza. Kijana akaona haya. Akaeleza, huku anafuta miwani isiyo na vumbi, kwamba hawa wote wanafanana kwa rangi na umbo. Njia ya hakika ya kuwatofautisha ni kutazama tupu ya dume.

Rafiki yangu, habari ile ilifika kila nyumba kabla ya adhuhuri. Kusoma kote huko, vitabu vyote vile, kumbe ni kwa ajili ya kazi hiyo! Ikabidi mwalimu wa chuo aulizwe kama inafaa. Alifikiri siku nzima. Kisha akasema: "Mdudu hana hesabu ya aibu. Ila msimkejeli." Na yeye akawa wa kwanza kuuliza hadubini itatumika lini.

Dume linaruka wakati wa magharibi, mara baada ya jua kuzama, nalo linafuata mwanga. Kijana alikuwa na karabai lakini alihitaji shuka nyeupe ya kutundika nyuma yake. Shuka nyeupe pale kijijini? Tulikuwa watu wa kaniki na kanga. Bibi akaingia ndani, akafungua kasha lake, akatoa sanda. Wazee wetu wengi waliweka sanda mapema, wasije wakawapa watu tabu. Alikuwa ameitunza na karafuu.

"Bibi, siwezi kutundika hii," kijana akasema.

"Tundika. Nikihamishwa hapa nitaihitaji mapema zaidi."

Tukaitundika kati ya miti miwili juu ya maji, karabai ikawashwa, na sanda ikawaka kama mwezi ulioteremka. Bibi akasimama kati ya taa na sanda kushika pembe isipeperuke, kivuli chake kimeenea nguoni kizima. Ni wakati huohuo mwenyekiti alipokuwa anateremka njiani kuja kumbembeleza shangazi yake tena. Tulisikia shahada ikisomwa kwa sauti kubwa, kisha vichaka vikavunjika, kisha kimya. Kesho yake kiatu chake kimoja kilikutwa kwenye tope.

"Niliwahi kikao," alieleza.

"Kikao gani hicho cha mguu mmoja?" jirani akamuuliza.

Vidudu vilikuja kwa wingi. Kijana alikuwa anakamata kwa kikoleo, kila akigusa kinapasuka, vidogo mno. Mimi ndiye niliyekamata dume. Nilitia mate kwenye ncha ya unyasi, nikamgusa mgongoni, akanata mzima mzima na mbawa zake. Sisemi haya kwa kujisifu. Ila ukweli ni ukweli, na ningekuwa nimesoma leo ningekuwa profesa.

Asubuhi kijana alitazama kwenye hadubini kwa muda mrefu. Bibi alikuwa amesimama nyuma yake ameshika mdomo. Hatimaye kijana akanyoosha mgongo, akasema mkiani dume lina vikoleo viwili, na kimoja kimegawanyika ncha kama mkia wa mbayuwayu. Hajawahi kuviona popote wala kuvisoma. Ni mpya. Bibi akamkumbatia mpaka miwani ikaanguka.

Watu wakapanga foleni kutazama. Mwalimu wa chuo alikaa pale hadi akasukumwa. Mwenyekiti alipofika zamu yake aliuliza, kwa sauti ya kazini, "Hawa wanaishi kijamaa?"

"Hapana," kijana akajibu, "kila mmoja anajijengea nyumba yake."

"Mabepari basi."

"Mto si wanatumia mmoja?" bibi akadakia. "Umewahi kuwasikia wanagombania?"

Mwenyekiti akakubali kwamba mto wanatumia mmoja.

Kijana akaondoka na vichupa vyake. Alitimiza ahadi, alipita wilayani na akasema yote: maji yawe safi, miti ya kivuli isiguswe, kijito kisivurugwe. Baada ya siku chache mwenyekiti akaitisha mkutano. Bibi alivaa kanga mpya.

"Ndugu wananchi," mwenyekiti alisema, "wilaya imefurahi sana. Mdudu wetu ni hazina ya taifa. Kijito hiki kitahifadhiwa!"

Bibi alipiga kigelegele ambacho naapa walikisikia kwenye misheni ya Wakristo kule juu mlimani.

"Kwa hiyo, ili mdudu asisumbuliwe, watu wote watapisha. Tulisema baada ya mavuno. Sasa ni wiki ijayo."

Kigelegele kikakatikia hewani. Bibi alimtazama mtoto wa kaka yake, akamuuliza taratibu, "Na huyo mdudu mbona hamkumwambia akajipange kwa mistari barabarani?"

"Shangazi, yeye halimi. Hafui nguo. Hakati kuni."

Bibi alifungua mdomo ajibu, badala ya jibu kikatoka kicheko. Alicheka mpaka akakaa chini, machozi yanamtiririka, na watu wakaanza kucheka naye, hata mwenyekiti, hata mwalimu wa chuo. Sijui wangapi kati yetu walikuwa wanacheka kweli.

Tulishuka kwa trekta la tela. Bibi alikaa juu ya kinu chake, ametazama tulikotoka. Kule barabarani nyumba zilifanana kiasi kwamba mwezi wa kwanza aliingia mara nyingi kwa watu, akafunua vyungu vyao na kulaumu mboga. Shule ilikuja kweli, nami nikasoma mpaka lile darasa la nne. Bomba nalo lilikuja, likachelewa sana. Roho yake haikutoka kama nilivyoogopa, aliishi miaka mingi. Wala bibi hakumchukia mdudu. Kila aliyeteremka kutoka mlimani alimuuliza, "Hajambo?" na watu walijua anamuuliza nani.

Binti yangu yuko chuo kikuu, namsomesha mwenyewe. Niliporudi kutoka Lutindi nilimtuma atafute kama yule mdudu aliandikwa kweli. Akampata. Alinisomea kwa Kiswahili, pole pole: rangi ya udongo, mbawa zenye manyoya, vikoleo viwili, kimoja kimegawanyika ncha. Jina la Kilatini refu kuliko mdudu mwenyewe. Halafu akasoma: "Anaishi katika kijito cha baridi chini ya mlima, mbali na makazi ya watu."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Mbali na makazi ya watu. Sikumlaumu aliyeandika, naye kwa jina hakuwa yule kijana wetu. Alipokuja kuandika, sisi tulikuwa tumeshaondoka, na nyumba za udongo mvua mbili tatu zinatosha kuzimaliza.

"Endelea," nikasema.

Akasoma sehemu ya mwisho, ya ile nyumba anayojivika. Wale waliokusanywa mwanzo, imeandikwa, nyumba zao ni za mchanga mweupe, na katikati kuna punje nyeusi ambazo asili yake haikujulikana. Waliokusanywa baadaye hawana.

Asili yake ni jiko la bibi yangu. Alisugua masufuria yake kwa majivu na mkaa uliosagika, kila siku, kwenye jiwe bapa pale maji yanapopinda, na kilichobaki kikaenda na mto kwa waashi.