Mkia wa Jina la Ndihokubwayo

Mwaka 2014 Winifrida alikuwa karani wa chama cha wafugaji nyuki pale Kibondo. Aliingiza majina ya wanachama kwenye kompyuta na kuwachapia vitambulisho. Uso wake ulikuwa mpole, hakuna aliyemshuku, ingawa nusu ya utani wa ofisi ile ilitoka kwake.

Asubuhi moja mzee Ndihokubwayo aliweka kitambulisho chake mezani.

"Mwanangu, hebu soma hapa."

"Ndihokubwa," Winifrida akasoma.

"Kubwa kitu gani? Sokoni wameanza kuniita Bwana Kubwa. Na hiyo 'yo' mliyoikata ndiyo Mungu mwenyewe. Jina langu lasema nipo kwa sababu yake. Mmemtoa yeye, mkaniacha mimi peke yangu."

Winifrida akauma mdomo asicheke, akampeleka kwa Athuman, bwana wa Kasulu aliyeutengeneza mfumo ule. Athuman hakuinua macho.

"Safu ya jina ina herufi kumi. Ukiitwa Tunu, mashine inakujazia nafasi tupu sita. Ukizidi kumi, inakata. Majina mengi yanaenea."

"Na langu?"

"Fupisha, mzee."

Winifrida hakubishana. Vilikuwa vimebaki vitambulisho vya wafanyakazi, na safu ya cheo ilikuwa ya herufi kumi na mbili, nafasi zikiwemo. Athuman alipenda cheo chake kiandikwe kizima: Mkuu wa Kukusanya Takwimu. Winifrida akakiandika kizima, bila kukosea hata herufi, akachapa.

Jumamosi, mbele ya wanachama wote, katibu Nestori akavisoma kwa sauti.

"Athuman, Mkuu wa Kuku."

Ukumbi ulichelewa kidogo kuelewa, kisha ukaangua kicheko. Mzee Ndihokubwayo alicheka mpaka akavua kofia afute machozi.

"Nani kaandika hivi?" Athuman akauliza.

"Mimi, bosi. Niliandika chote. Labda kimezidi."

Jumatatu Athuman akabadili safu zote. Sasa mashine iliandika kwanza idadi ya herufi, ndipo herufi zenyewe: Tunu nne, Ndihokubwayo kumi na mbili, bila nafasi tupu za kujazia. Lakini kupanua safu hakukurudisha kilichokwisha kukatwa. Mikia ya majina haikuwa imehifadhiwa popote, ikabidi yeye na Winifrida wazunguke vijijini kwa pikipiki, wakiuliza watu majina yao yanaishiaje.

Siku ya kwanza Athuman alinuna. Siku ya tatu mama mmoja alimwomba awakague kuku wake, naye Athuman akashindwa kujizuia, akacheka.

Nyumba ya mwisho walimkuta bibi Yusta anawasubiri mlangoni.

"Bibi, jina lako halikukatwa," Winifrida akamwambia. "Lina herufi tano tu."

"Najua. Lakini nimesikia siku hizi nafasi ipo."

Akataja jina la baba yake, la babu yake, na la mzinga wake uliotoa asali nyingi mwaka ule. Athuman akaandika yote.