Sauti ya Kwenye Matete

Mume wangu aliponitoa Kasongo na kunileta kijijini kwao, upande wa Wamaza, jambo la kwanza nililofundishwa ni kutoitika njiani. Chemchemi yetu iko bondeni, na njia ya kushukia ilipita katikati ya matete marefu kuliko mtu. Humo, walisema, mlikuwa na zimu. Liliita wanawake kwa majina ya watoto wao wa kwanza. Ukiitika, umepotea.

Nami nililisikia. Asubuhi moja ya ukungu, bidoni ya maji kichwani, sauti ya chini iliniita mama wa fulani, kwa upole, kama jirani anayetaka chumvi. Matete hayakutikisika. Niliongeza mwendo bila kugeuka, wala sikumwambia mtu.

Jirani yangu alikuwa ameolewa karibuni, hana mtoto bado. Siku moja baada ya mvua alirudi kutoka chemchemini bila bidoni, kikwembe alichojifunga kimejaa tope, akaketi kizingitini. Mama mkwe wake akapiga kelele kwamba zimu limemgusa, aitwe mganga.

Nilikaa karibu naye. Akaninong'oneza, "Yaya, dada yangu, zimu linanuka tumbaku?"

Nikamsogelea. "Lilikuitaje?"

"Bibi-arusi. Liliniambia, bibi-arusi, ngojea."

Sikumngojea mganga. Nilimpakia kwenye pikipiki ya kukodi, nikakaa nyuma yake nimemshika, tukaenda kituo cha afya. Muuguzi, mama wa makamo, alifunga mlango. Hakumwuliza kwa nini alikwenda peke yake. Alimpa dawa za kukinga magonjwa na mimba, akasema, "Umefanya vizuri kuja leo. Siku tatu zikipita, nyingine hazisaidii tena."

Kisha akanigeukia. "Kisima kikileta kipindupindu, mimi natibu wagonjwa tu, ama naenda kukitazama kisima?"

Akaja kijijini. Alituketisha wanawake peke yetu, akauliza nani amesikia ile sauti. Bibi mmoja akainua mkono, halafu mwingine, mpaka mikono ikawa mingi kuliko iliyobaki chini. Tulitazamana. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Muuguzi akaomba matete yafyekwe. Kapita, mkuu wa kijiji, alikataa. "Mama, panga itafanyia zimu nini?"

"Kama iko zimu, haitaliumiza," muuguzi akajibu. "Kama iko mutu, atakosa pa kujificha."

Kapita akaridhia. Wanaume wakaja na mapanga, wakafyeka tangu asubuhi. Jua lilipokuwa utosini mmoja akasimama ghafla, na wengine wakakusanyika. Katikati ya matete palikuwa na mahali palipolaliwa, pamekandamizwa laini kama malazi ya mbuzi. Vipande vya sigara vilitapakaa chini, vingine vya zamani, vingine vikavu kabisa ingawa mvua ilinyesha juzi yake. Niliinama pale. Niliona chemchemi yote, hadi jiwe tunalowekea nguo tukioga.

Wanaume wakaanza kutazamana, kila mmoja na panga lake mkononi, na mimi nikaelewa wanachotafuta katika nyuso za wenzao. Yule aliyejua majina ya watoto wetu wote hakutoka mbali.

Tangu hapo tunateka maji kwa makundi, na matete hukatwa kabla hayajafika kiunoni. Sauti haijasikika tena. Mume wa jirani yangu alikataa kula chakula alichopika mkewe kwa wiki kadhaa. Muuguzi alimwita mara mbili wakazungumza, na siku moja nikamwona anashuka na mkewe bondeni, yeye mwenyewe amebeba bidoni. Wana mtoto sasa.

Mwenye sigara hakujulikana. Msimu ule wanaume wawili walihama kijiji, mmoja akaenda kuchimba dhahabu, mwingine Kabambare. Huenda ni mmoja wao. Huenda ni yule ambaye jana, msibani, alinisogezea kiti.