Wavu wa Nthenya Mbele ya Gari la Nzioka

Mjukuu wangu Nzioka wa Mukuyuni alizaliwa mikono ikinuka petroli. Mkunga alidhani taa imemwagika. Akakua fundi. Kwa vyuma vya magari matatu yaliyokufa alijiundia gari la mashindano ya Pasaka, na siku alipolijaribu, yeye alifika mji wa Wote leo, kivuli chake kikafika kesho.

Mama yake, Nthenya, mke wa mwanangu, alisuka viondo vya kubeba uji usidondoke. Nzioka akamwomba wavu wa katani, mawe yasitoboe ile redieta ndogo ya kupoza oili. Nthenya akasuka. Lakini mkono wake haukujua kuacha tundu.

Siku wavu ulipofungwa, ndiyo siku Kalunde, mke wa Nzioka, alishikwa na uchungu wa kuzaa, damu ikakataa kukoma. Tukamlaza nyuma, kichwa mapajani pangu, miguu kwa Nthenya, tukaelekea Machakos kwa daktari.

Tulipoanza kupanda mlima, mshale wa joto la oili ulipanda nasi. Nzioka akabadilisha gia, akalegeza mguu. Ukazidi.

"Susu," akaniita mimi bibi yake, "maji iko sawa. Oili ndiyo inaungua!"

"Si usimame ipoe?"

"Nikisimama, Kalunde anaisha. Nikiendelea, oili inakuwa nyepesi kama chai ya maskini, vyuma vinashikana, anaishia hapa hapa!"

Alikuwa analia, yeye aliyewahi kuinua injini kwa meno.

Moshi ulipotoka akasimama, injini akaiacha ikinguruma taratibu ili oili izunguke. Akaenda mbele, akapitisha kiganja nyuma ya wavu. Hata pumzi ya panzi haikupita. Akamtazama mama yake.

Nthenya akashuka. "Lete kisu."

"Mama, umeusuka mwezi mzima..."

"Lete kisu, ama nitumie meno?"

Nikashindwa kujizuia: "Uji haupiti, Nthenya, sembuse upepo!"

"Mama, utanicheka baadaye," akasema, akikata. Machozi yalidondoka juu ya chuma yakachemka.

Tukaondoka, upepo ukaingia. Mshale ukashuka polepole, kama mzee anayetoka kitandani. Kalunde hakuwa akinijibu tena. Nilimfinya sikio njia nzima ili akasirike.

Daktari alimrudisha Kalunde duniani. Mtoto hakulia.

Nthenya bado anasuka. Kila kiondo chake sasa kina tundu moja la kidole, karibu na kitako. Wanunuzi hulalamika kwamba nafaka ya wimbi inavuja. Mimi, niliyemcheka miaka yote, huwaambia wafunge midomo, wanunue hivyo hivyo.