Kitambaa Tulichokiombea Giakanja

Namshukuru Mungu aliyenipa umri mrefu, hata kama sehemu yake ni ya kuaibika.

Mwezi uliopita nilichomelea mabomba ya chuma kisichoshika kutu kwenye kiwanda kidogo cha maziwa, Giakanja. Kila kiungo kilitoka cheusi kwa ndani. Nililaumu mtungi wa gesi, nikabadilisha mpira wake, kumbe gesi niliyopitisha ndani ya bomba ili kuzuia hewa ilikuwa ikitorokea upande wa pili. Nikaziba upande huo kwa kitambaa changu cha mkono. Kiungo kikang'aa. Nikapiga magoti kushukuru, nikaunga kipande cha mwisho, nikaenda nyumbani.

Jumapili niliomba kanisa zima liniombee nikipate kitambaa changu, kilichotariziwa maua mekundu na marehemu mke wangu.

Wiki hiyo maziwa yakaanza kuchacha. Wakulima walimwaga jasho lao mtaroni. Lawama ikamwangukia Wanjiru, mjane anayeosha mabomba. Kikao cha kumfukuza nilikifungua mimi kwa maombi, kisha nikamshauri, "Binti yangu, uvivu ni dhambi. Tubu tu."

"Mzee, mimi huosha mpaka mikono inachubuka," akajibu. "Kata hiyo bomba tuone."

Nikalikata mwenyewe. Kitambaa kilichooza kikaning'inia, na watu wakaziba pua. Wanjiru alikichukua, akakikunjua polepole mpaka maua mekundu yakaonekana.

"Mzee," akasema kwa upole, "si hii ndiyo ile tulikuombea?"